Utarudi Lini? Imani Inayokaa Chini na Kuhesabu

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: Nehemia 1:1 hadi 2:8, Luka 14:28–30

 

Mnakumbuka kesha la mwezi uliopita. Saa nane usiku tuliambiwa kila mwenye pasipoti aiinue juu tuombee safari za ng'ambo. Mikono ilijaa humu ndani. Mimi nilikuwa nikizunguka nikiwawekea watu mikono, nikafika kwa kijana mmoja aliyekuwa analia machozi ya kweli, anamwomba Mungu ampe visa ya masomo. Nikaichukua ile pasipoti nimwombee. Nikaifungua. Ilikuwa imeisha muda miaka miwili iliyopita.

Msicheke sana. Kwanza, huyo kijana amenipa ruhusa niseme. Pili, wengi wetu tuko pale pale alipokuwa. Tunamwomba Mungu aweke muhuri kwenye kitabu ambacho sisi wenyewe hatujakifungua.

Jumatatu asubuhi nilikaa naye ofisini, nikamuuliza maswali manne tu. Chuo gani? Kozi gani? Karo ni pesa ngapi? Tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ni lini? Hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa na neno moja tu: "Majuu." Mpendwa, Majuu si chuo. Hakuna ubalozi unaotoa visa ya kwenda Majuu.

Sasa mtu asitoke hapa akisema mchungaji anapinga maombi. Mimi nimelelewa kwenye maombi, na nimeona Mungu akifungua milango ambayo hakuna mwanadamu angeifungua. Lakini leo nataka tumwangalie mtu wa Biblia aliyeomba kweli kweli, halafu akasafiri kwenda nchi ya mbali na barua mkononi. Anaitwa Nehemia.

NEHEMIA ALIPOITWA KWENYE MAHOJIANO

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, huko Shushani. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu: ukuta umebomoka, malango yamechomwa. Akalia, akafunga, akaomba. Sura ya kwanza karibu yote ni maombi. Halafu sura ya pili inaanza na mwezi wa Nisani. Hesabu vizuri: kutoka Kisleu hadi Nisani ni kama miezi minne. Miezi minne ya kuomba.

Siku moja mfalme anamwona ana huzuni, anamuuliza anataka nini. Biblia inasema Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni, halafu akamjibu mfalme. Ombi fupi, hapo hapo amesimama. Akasema anataka kutumwa Yuda akajenge mji wa baba zake.

Na mfalme anamuuliza maswali mawili. Safari yako itachukua muda gani? Na utarudi lini?

Wale mliowahi kwenda ubalozi mmeshaanza kutabasamu. Ni maswali yale yale! Unakwenda kwa muda gani, na utarudi lini. Na Nehemia hakusema "Bwana atanionyesha nikifika." Mstari wa sita unasema alimpa mfalme muda maalum. Alikuwa na tarehe!

Hakuishia hapo. Mstari wa saba, anaomba barua kwa maliwali walio ng'ambo ya Mto, wampitishe mpaka afike Yuda. Mstari wa nane, anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, apewe miti. Miti ya nini? Ya malango ya ngome, ya ukuta wa mji, na ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Anajua jina la ofisa. Anajua vifaa. Hata nyumba ya kulala ameshaifikiria.

Niambie, alijulia wapi mambo hayo yote ndani ya dakika moja mbele ya mfalme? Hakuyajulia hapo. Ndani ya ile miezi minne magoti yalikuwa yanafanya kazi, na akili pia ilikuwa inafanya kazi. Ndiyo maana mlango ulipofunguka alikuwa na la kusema. Na baada ya mipango yote hiyo, sifa alimpa nani? Anasema mfalme alimpa kwa sababu mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake. Mpango haukumnyima Mungu utukufu.

Sema na jirani yako: mkono wa Mungu hauogopi kalamu.

KWANZA: OMBA UKIWA NA KALENDA

Mwanafunzi anayetaka kuanza chuo mwezi wa Septemba mwakani hatakiwi kuanza kutafuta mwezi wa Juni mwakani. Anatakiwa kuanza leo. Mwaka mmoja kabla, na kama unatafuta ufadhili, mwaka mmoja na nusu.

Vyuo vingi vya Marekani vinavyoanza masomo Agosti au Septemba hufunga maombi kati ya Novemba na Januari. Uingereza, kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza, maombi ya wakati yanatakiwa mwezi wa Januari kupitia UCAS. Ujerumani, muhula wa baridi unaanza karibu na Oktoba, na vyuo vingi vinapokea maombi mpaka tarehe 15 Julai. Ufadhili wa Chevening, wa kusomea shahada ya pili Uingereza, hufunguliwa karibu na Agosti kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata, na wanataka uwe umefanya kazi kama miaka miwili.

Unaona? Hizi tarehe hazikungoji umalize mfungo. Funga, lakini tarehe uwe umeiandika ukutani.

Na kabla ya tarehe kuna karatasi. Pasipoti iwe hai, na iwe na muda wa kutosha mbele. Jina kwenye pasipoti, kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha KCSE liwe moja. Kuna watu hapa wanaitwa jina moja shuleni na lingine kwa chifu. Hilo lirekebishwe mapema. Cheti kikipotea, mambo ya kukifuatilia hayaishi kwa siku mbili. Mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo umwendee kwa heshima na muda wa kutosha, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kama chuo kinataka mtihani wa Kiingereza, jua kwamba matokeo ya IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili, kwa hivyo usiufanye mapema mno wala kuchelewa mno. Na uliza kwanza: vyuo vingine havihitaji mtihani huo kwa mtu aliyesoma kwa Kiingereza. Swali moja la barua pepe linaweza kukuokolea maelfu ya pesa.

PILI: JUA NI NANI UNAYEMPA PESA

Nehemia alipeleka barua kwa maliwali halisi, kwa Asafu halisi. Hakumpa mtu pesa kwa sababu tu ana suti na bendera ya nchi ya kigeni mezani.

Kanisa, mnajua yaliyotokea katika kaunti moja huko Bonde la Ufa. Wazazi walilipa pesa nyingi watoto wao waende kusoma Ufini na Kanada. Wengine waliuza mashamba. Watoto wengi hawakusafiri, na mambo yakaishia barabarani na mahakamani. Sisemi hivyo kumhukumu mtu. Nasema kwa sababu wale wazazi walikuwa wanaomba, kama wewe.

Kwa hivyo chunguza. Kanada inatoa kwenye tovuti ya serikali orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Chuo kisipokuwa kwenye orodha hiyo, usitume hata shilingi. Uingereza pia ina orodha ya vyuo vilivyopewa leseni ya kudhamini wanafunzi. Marekani, chuo kilichoidhinishwa ndicho kitakachokupa fomu inayoitwa I-20, na bila hiyo huombi visa ya mwanafunzi. Ubalozi wa Marekani hapa Nairobi una huduma ya ushauri kwa wanafunzi, inaitwa EducationUSA. Wajerumani wana DAAD, wana ofisi hapa hapa Nairobi. Kwa nini umlipe mtu akuambie kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe yuko tayari kukueleza?

Na mtu akikuambia umeshinda ufadhili ambao hukuuomba, kisha anataka utume "ada ya kushughulikia" kwa M-Pesa, huyo si mjibu maombi. Mfadhili wa kweli anakupa pesa, hakuchukulii.

Jambo lingine: kabla ya kwenda, uliza kama shahada hiyo itatambuliwa ukirudi. Hapa kwetu kazi ya kutambua shahada za nje ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Na kama unasomea uuguzi, udaktari au uhandisi, uliza pia bodi ya taaluma yako. Ni huzuni kubwa kusoma miaka minne kwenye baridi, urudi nyumbani na karatasi ambayo haifungui mlango.

TATU: KAA CHINI UHESABU

Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwenye Luka 14 anauliza ni nani asiyeanza kwa kukaa chini na kuhesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Yeye alikuwa anafundisha juu ya gharama ya kumfuata, na hilo ni kubwa kuliko chuo chochote. Lakini angalieni alivyochagua mfano wake: mtu wa busara, kabla ya kubeba jiwe la kwanza, anakaa chini.

Mimi nilisomea biashara, na mnajua napenda namba. Leo mnivumilie.

Watu wengi wanahesabu karo na nauli ya ndege. Basi. Lakini nchi hizi zinataka kuona utakula nini. Kanada, kwa maombi ya kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, mtu mmoja anaonyesha dola za Kanada 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Quebec wana kiwango chao. Ujerumani, vyuo vingi vya serikali havitozi karo, na watu wanashangilia hapo. Lakini ili upate visa, njia ya kawaida ni kuweka yuro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalum iliyofungwa, unaruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi. Kwa hivyo karo ni bure, lakini mlango si bure. Uingereza, kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, kuna kipimo cha kifua kikuu kwa Mkenya anayekwenda zaidi ya miezi sita, na zile pesa za kuishi lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ishike hiyo namba 28, nitairudia. Marekani, kabla ya mahojiano unalipa dola 350 za mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi, na ada ya visa yenyewe ni pesa nyingine.

Viwango hivi hubadilika. Siku ya kuomba, soma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo, si kwenye kikundi cha WhatsApp.

Halafu kuna ile hesabu ya kusema "nikifika nitafanya kazi nilipe karo." Marekani, mwenye visa ya mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na mwanzoni ni kazi za ndani ya chuo. Uingereza, kwa shahada, ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kanada, nje ya chuo, ni saa 24. Saa hizo zinaweza kununua chakula. Karo ya mwanafunzi wa kigeni haziiwezi. Wako watoto wetu waliokwenda na hesabu hiyo, na leo hawapokei simu kwa sababu wanaona haya.

NNE: MLANGO WA MUNGU HAUHITAJI KARATASI YA UONGO

Sasa nieleze kwa nini namba 28 haitoki kichwani mwangu.

Nilipokuwa na miaka ishirini, nilipata nafasi ya kusomea biashara Uingereza. Kijijini kwetu hiyo ilikuwa habari kubwa. Baba aliuza ng'ombe wawili. Kanisa la nyumbani likafanya harambee uwanjani, siku ya Jumamosi. Karani alikuwa na daftari la kurasa 96, akiandika jina na pesa, jina na pesa. Zilipatikana shilingi 412,000. Mchungaji akaniwekea mikono, akina mama wakaimba, mimi nikavikwa shada. Nilikuwa sijapata visa bado, lakini tayari watu walikuwa wananiita "wa Ulaya."

Zile pesa hazikutosha. Ajenti mmoja mjini akaniambia hiyo ni kawaida, nikope kwa watu, niweke kwenye akaunti siku tatu, nitoe taarifa ya benki, nirudishe. Nikafanya hivyo. Sikuwa nimesoma zile kanuni hata ukurasa mmoja. Niliomba, nilifunga, lakini sikusoma. Barua ikarudi: pesa hazikukaa siku zinazotakiwa. Visa imekataliwa.

Nilirudi kwa yule ajenti. Akasema hakuna shida, kwa shilingi 30,000 atanitengenezea taarifa ya benki inayoonyesha siku zote 28. "Mungu amekupa akili, zitumie," akaniambia. Na nataka niwe mkweli mbele yenu: nilikubali. Nilikwenda nyumbani kuchukua zile 30,000. Mama alikuwa anachambua mboga. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa utakwenda kusomea uongo, halafu urudi utufundishe nini?" Hakunipa zile pesa.

Leo najua mama aliniokoa na nini. Uingereza, ukikamatwa na karatasi ya uongo kwenye ombi la visa, unaweza kufungiwa miaka 10. Kanada ni miaka 5. Marekani ni marufuku isiyo na mwisho, mpaka upewe msamaha maalum. Na jina lako haliondoki kwenye kompyuta zao kwa sababu umeokoka. Lakini hata kama wasingenikamata! Ningekaa darasani kila siku nikijua kiti changu kimesimama juu ya nini. Yule baba wa uongo, Yohana 8:44, hatoi ufadhili wa bure.

Mpendwa, mlango ukitaka uongo ili ufunguke, huo si mlango uliokuwa unauombea.

TANO: UTARUDI LINI?

Sikwenda Uingereza. Nilisoma hapa hapa, kwenye chuo cha humu nchini, kwa zile pesa zilizobaki. Na Mungu hakuwa amepungua hata kidogo.

Lakini kuna kitu nilificha. Kwa miaka minne sikuenda kanisa la nyumbani. Nikija likizo, Jumapili nilikuwa na kichwa kinauma. Kulikuwa na mama mmoja mzee anayeuza mboga sokoni. Kwenye harambee alitoa shilingi 200. Nikipita sokoni nilizunguka nyuma ya posho mili ili asinione. Shilingi 200, na mimi ninajificha kwa miaka minne!

Nilipomaliza chuo, Roho Mtakatifu hakunipa amani. Nilikuwa nimesomea kutoa hesabu za watu wengine, na zangu sijatoa. Nikamwomba yule karani daftari. Nikaandika ukurasa mmoja: zilizopatikana, zilizoliwa na ajenti, zilizoishia kwenye ada za visa, na zilizolipa karo hapa nyumbani. Nikasimama mbele ya kanisa nikasoma. Magoti yalitetemeka kuliko ambavyo yangetetemeka ubalozini.

Nilipomaliza, kukawa kimya. Halafu yule mama wa mboga akasimama. Nilidhani ataniaibisha. Akasema, "Tumechangia watoto wengi wa hapa. Huyu ndiye wa kwanza kurudi kutuambia pesa zilienda wapi." Akaketi.

Hapo ndipo nilielewa swali la mfalme. Utarudi lini? Si swali la ndege tu. Ni swali la hesabu. Nehemia alisema muda, na ukisoma sura ya 13 mstari wa 6 utaona kwamba baada ya miaka mingi ya kazi alirudi kwa mfalme kweli. Miaka 12 imepita, ukuta umejengwa, na mtu amerudi kwa yule aliyemtuma.

Nchi hii inawajua watu wa namna hiyo. Mwaka wa 1959, wakati wa mpango wa Tom Mboya, wanafunzi 81 walipanda ndege moja kwenda Marekani. Familia na vijiji vilichanga pesa, watu ambao wao wenyewe hawangeona hata uwanja wa ndege. Mwaka wa 1960 akaenda msichana wa kutoka Nyeri, Wangari Maathai, akasomea biolojia huko Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka wa 1966 akarudi. Mwaka wa 1977 akaanzisha harakati za kupanda miti, Green Belt, pamoja na akina mama wa kijijini. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Elimu ya Kansas iligeuka miti hapa kwetu.

Sisemi kila mtu lazima arudi kuishi hapa. Wengine Mungu atawapanda huko, kama alivyompanda Danieli Babeli, ambako alisoma miaka mitatu lugha na elimu ya Wakaldayo bila kusahau anapiga magoti kuelekea wapi. Lakini kila aliyetumwa ana deni la neno. Piga simu. Andika. Muhula ukienda vibaya, sema umeenda vibaya. Kukaa kimya miaka minne nyuma ya posho mili ni mzigo mzito kuliko visa iliyokataliwa.

NENO KWA WAZAZI

Baba, mama, usiuze shamba kabla ya kuona barua ya chuo, na kabla wewe mwenyewe hujapiga simu kwa hicho chuo. Usimwambie mtoto aliyekosa visa kwamba ana mkosi. Na usimdharau aliyebaki hapa anasomea ufundi au ualimu. Mungu hakai Heathrow.

TUFANYE NINI SASA

Wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana jambo moja. Kuanzia mwezi ujao, kabla kanisa halijamfanyia kijana yeyote harambee ya masomo ya nje, ataleta ukurasa mmoja wenye mambo matano: chuo na kozi, tarehe zote, gharama zote mpaka kumaliza, si mpaka kufika, pesa zitatoka wapi, na siku atakayotuletea hesabu. Tutakaa naye, tutamsaidia kuujaza, kisha tutaufunika kwa maombi. Pesa zitakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Hiyo si kukosa imani. Ndiyo heshima kwa shilingi 200 za mama wa mboga.

Na yule kijana wa pasipoti? Tayari ameomba mpya. Wiki iliyopita aliniletea ukurasa wake. Gharama zilimshtua, akabadilisha nchi na mwaka. Sasa analenga mwaka mmoja zaidi mbele. Jana nilimwona akiomba, na safari hii alikuwa anataja tarehe.

SALA

Baba, tunakushukuru kwa watoto uliotupa na kwa akili uliyowapa. Tusamehe pale tulipokuomba muujiza ili tusifanye kazi uliyotupa. Linda kila shilingi ya mjane iliyo mkononi mwa kijana. Funga kila mlango unaotaka uongo. Fungua ule ulio wako, na siku ukifunguka tukute tayari, tukiwa na jibu la kweli midomoni. Wale walio mbali na wananyamaza kwa aibu, wape ujasiri wa kupiga simu nyumbani leo. Kwa jina la Yesu, Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Nehemia 2:1–8. Orodhesha kila kitu Nehemia alichokuwa amekijua kabla mfalme hajamuuliza. Wewe una ombi gani ambalo hujalifanyia utafiti?

2. Kuna mtu au kundi lililowahi kukuchangia kwa masomo, matibabu au biashara? Ulirudi kuwapa hesabu? Ikiwa bado, ni nini kinakuzuia?

3. Kama ajenti angekuambia mtoto wako atapata visa kwa karatasi moja tu ya uongo, familia yako ingejibu nini? Lizungumzeni nyumbani kabla siku hiyo haijafika.